Bei ya jaribio la pili

Kasha la volkano lenye picha ya mtoto anayecheka huuzwa Dar es Salaam kwa Sh 40,000 hivi, na ukilikuta kwenye jengo lenye kiyoyozi bei inaweza kuwa maradufu. Ndani mna mlima wa plastiki, kijiko, rangi nyekundu na vipakiti viwili vya unga mweupe. Unga mmoja ni beking soda. Wa pili ni asidi ya sitriki, ileile inayoifanya ndimu iwe kali. Mtoto anachanganya, povu linapanda, linamwagika, na chini ya dakika moja shamrashamra zimekwisha. Kisha anasema, "Tena!"

Kasha halina tena, au lina moja tu. Nadhani hapo ndipo mzazi anapaswa kufanyia hesabu yake, si kwenye bei iliyobandikwa juu ya kasha. Mara ya kwanza mtoto ameona mazingaombwe. Mara ya pili, akiuliza itakuwaje tukizidisha soda, au tukitumia maji ya moto, au tukiweka ndimu badala ya siki, ndipo anapoanza kufanya sayansi. Kwa hiyo katika ulinganisho huu sitajali sana jaribio linagharimu kiasi gani. Nitajali kulirudia kunagharimu kiasi gani.

Bei nitakazotaja ni za shilingi za Tanzania na ni makadirio ya maduka ya mtaani na sokoni. Hupanda na kushuka, na ndimu ndiyo kigeugeu kuliko vyote. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura achukue uwiano, asishike tarakimu. Wazazi wa Kenya, ambao tangu mtaala wa umilisi uingie shuleni wamezoea kutumwa dukani na walimu wa watoto wao, huenda wana orodha ndefu kuliko yangu.

Tuanze na povu, maana ndilo linalopendwa. Boksi la beking soda la gramu 100 ni kama Sh 1,500. Kijiko cha chai kilichojaa sawasawa kina gramu 5 hivi, kwa hiyo boksi lina vijiko 20, na kila kijiko ni Sh 75. Kijiko hicho kimoja kikikutana na asidi ya kutosha hutoa zaidi ya lita moja ya hewa ya ukaa, inayotosha kuvimbisha puto hadi lifikie ukubwa wa nazi. Pesa hupotelea kwenye hayo maneno "ya kutosha". Siki ya mezani yenye asidi asilimia 5 hummaliza mtu mfukoni kwa sababu watu huimimina bila kipimo. Kijiko kimoja cha soda kinahitaji mililita 70 hivi tu za siki, yaani vijiko vikubwa vitano. Ukimwaga nusu chupa, soda ikishakwisha siki iliyobaki inakaa tu pale ikinuka. Chupa ya mililita 700 ya Sh 2,500 ina dozi kumi, kila moja Sh 250. Kumbe kilicho ghali katika volkano si unga, ni asidi.

Na ndimu? Juisi yake ina asidi kwa kiwango kinachokaribiana na cha siki, pengine inaizidi kidogo. Ndimu mbili au tatu zenye maji zitakupa mililita zako 70. Wakati wa msimu, ndimu ikiwa Sh 100, ndimu na siki zinakwenda sare. Msimu ukipita na ndimu ikafika Sh 300, nunua siki bila kusita. Mtoto mwenyewe anaweza kukamua ndimu, kupima na kukata shauri ipi ni nafuu wiki hii. Hilo nalo ni jaribio, na mama wa genge atakuwa sehemu yake.

Jihadhari na jambo moja dukani. Ukiomba beking soda, mara nyingi utapewa beking pauda, kwa kuwa ndiyo inayouzika. Si kitu kimoja. Beking pauda ni soda iliyochanganywa na asidi kavu na wanga, na soda yenyewe huwa robo hadi theluthi ya mchanganyiko. Kwa bei ileile unapata gesi chini ya nusu. Ila ina sifa yake: inatoa povu kwa maji matupu. Kwa mtoto wa miaka minne asiyetakiwa kuachiwa siki karibu na macho yake, hiyo si hasara.

Sasa kuna mshindani ambaye makasha ya dukani hayamjui: magadi. Yale mawe ya kijivu yanayowekwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi, kipande cha Sh 300 kinatosha nyumba nzima kwa wiki kadhaa. Magadi ya mawe ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, yanayojitengeneza kandokando ya maziwa ya Bonde la Ufa kama Natron na Magadi. Yakisagwa na kumwagiwa ndimu yanachemka povu vizuri. Lakini unafuu wake si mkubwa kama unavyoonekana. Kwa uzito uleule hutoa gesi pungufu kuliko beking soda, kama robo tatu yake hata yakiwa safi, na kwa gesi ileile yanahitaji asidi mara moja na nusu. Yana tabia ya ajabu vilevile: ukiyayeyusha kwenye maji na kudondosha siki tone kwa tone, mwanzoni hakitokei kitu, kwani asidi ya kwanza inatumika kugeuza kaboneti kuwa baikaboneti kabla gesi haijaanza kutoka. Mtoto mwenye subira ya kuhesabu matone atagundua jambo ambalo mwenye kasha hatalipata. Magadi ni makali kuliko beking soda. Yasiingie machoni, na aliyeyasaga anawe mikono.

Ukiuliza kwa nini niyapigie debe magadi wakati hesabu yake si nafuu sana, jibu liko kusini kidogo mwa Ziwa Natron. Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, ndiyo volkano pekee hai inayojulikana duniani kutoa lava iliyojaa kaboneti za sodiamu na kalisi badala ya lava ya kawaida ya silika. Lava hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava za kwingine. Hutiririka nyeusi na nyepesi, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Mtoto wa Kitanzania anayetengeneza volkano ya magadi kwenye sinia, kwa hiyo, hajakosea zaidi ya aliyenunua mlima wa plastiki. Onyo moja kabla ya kuondoka hapa: soda na siki zisifungiwe kamwe ndani ya chupa yenye kifuniko. Puto mdomoni mwa chupa linatosha. Likizidiwa litachomoka, wala halitamrushia mtu vipande.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, bingwa wa gesi si volkano. Ni hamira. Pakiti ya gramu 11 ni Sh 700 hivi na inatosha chupa tatu au nne. Chukua chupa tatu za maji za nusu lita zilizokwisha kutumika, kila moja uiwekee kijiko cha chai cha hamira na viwili vya sukari. Ya kwanza itie maji ya baridi, ya pili maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, ya tatu maji yaliyotoka kuchemka yakapoa kidogo tu, kiasi cha kutoiyeyusha chupa. Hiyo ya tatu aimimine mtu mzima. Valisha kila chupa puto. Baada ya nusu saa au saa moja ya vuguvugu itakuwa imesimamisha puto lake, ya baridi inajikongoja, na ya moto imenyamaza kwa sababu hamira imekufa. Gharama ya zote tatu, pamoja na sukari na maputo, haizidi Sh 1,200. Mara ya pili maputo unayo tayari, ni Sh 800.

Thamani yake imo katika maswali yanayofuata, na karibu yote yanajibiwa na vitu vilivyomo jikoni. Sukari ya kawaida na sukari guru zinalingana? Chumvi ikiongezwa? Unga wa mhogo mtupu? Maziwa matupu je? Maziwa, kwa taarifa yako, yatamshangaza mtoto: yana sukari yake, lakini hamira ya mikate haiwezi kuitumia, na puto litabaki limelala. Mwambie apime mzunguko wa puto kwa uzi na rula kila baada ya dakika kumi, aandike. Volkano haikupi nafasi ya kuandika chochote. Inakwisha kabla kalamu haijafunguliwa.

Kwa majaribio ya rangi, yaani kupima kipi ni asidi na kipi ni alikali, vitabu vingi vya nje vitakutuma kutafuta kabichi ya zambarau. Inafanya kazi vizuri, inatoa rangi nyingi kuanzia waridi hadi kijani na manjano, lakini kwenye supamaketi inaweza kufika Sh 3,000 au zaidi, na sokoni huikuti kila siku. Sisi tuna choya. Fungu la choya kavu la Sh 1,000, ileile ya kutengenezea juisi, likichemshwa hutoa maji mekundu ya kutosha vikombe kumi vya kupimia. Kwenye ndimu hubaki mekundu ya kung'aa. Ukitia magadi, rangi inahama kwenda zambarau na kuendelea hadi buluu au kijani cha kukoza. Na kilichobaki bila kuguswa na magadi kinatiwa sukari na kunywewa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu karatasi za litmasi.

Nafuu kuliko yote ni binzari manjano, pakiti ya Sh 500. Aliyewahi kufua shati lenye doa la mchuzi ameliona jaribio hili bila kuliita hivyo: sabuni ya mche ikigusa doa, manjano yanageuka mekundu, na ukisuuza yanarudi. Changanya kijiko cha binzari na spiriti kidogo ya duka la dawa, kwa sababu kwenye maji haiyeyuki vizuri, chovya vipande vya karatasi nyeupe, anika. Umepata karatasi za kupimia hamsini au zaidi kwa chini ya Sh 2,000. Upungufu wake ni kwamba inagundua alikali tu. Majivu ya kuni, sabuni, magadi na chokaa zitaibadilisha, lakini siki na maji zote zitaiacha njano vilevile. Spiriti isikaribie jiko, na mtu mzima ndiye aishike.

Umeme wa ndimu ndio unaokatisha tamaa watu wengi, na kosa huwa kwenye ununuzi. Ndimu moja iliyochomekwa waya wa shaba na msumari wa bati, ule wa kuezekea uliopakwa zinki, hutoa kama volti 0.9. Mkondo wake ni mdogo sana. Balbu ya tochi ya zamani haitawaka hata ukipanga ndimu za genge zima. Unachohitaji ni taa ndogo nyekundu ya LED, inayoanza kuwaka karibu na volti 1.8. Kwa nadharia ndimu mbili zinatosha, kwa vitendo panga tatu au nne mfululizo. Usinunue nyekundu yenye lenzi ya rangi tu na ndani ni nyeupe, hiyo inataka volti karibu 3. Kwa mafundi wa redio taa moja ni Sh 200, na tochi mbovu ya kichina ina kadhaa za bure, ingawa nyingi ni nyeupe. Misumari ikishatumika ichomoe, uisugue, uitumie tena. Ndimu zenyewe zitupwe, kwani zinki imeyeyukia ndani na hazifai kwa kachumbari. Viazi mviringo vinaweza kuchukua nafasi ya ndimu pale bei inapopanda, navyo vikichemshwa kwanza huwa vinatoa mkondo zaidi.

Kama ni umeme wa kurudia mara nyingi, sumakuumeme inaishinda ndimu kwa mbali. Nenda kwa fundi anayesuka mota, omba mabaki ya waya wa shaba wenye vanishi. Mara nyingi utapewa bure au kwa Sh 500. Msumari mkubwa Sh 100, betri moja kubwa ya redio Sh 1,000 hivi, na kipande cha msasa cha kukwangua vanishi kwenye ncha mbili, maana bila hivyo umeme haupiti. Mtoto anazungusha mizunguko 20, anahesabu vibanio vya karatasi vinavyonaswa, anaongeza hadi 40, anahesabu tena. Waya na betri hupata moto upesi, kwa hiyo unganisha kwa sekunde chache na uachie. Betri ya simu isitumike kabisa, na soketi ya ukutani isitajwe hata kwa mzaha.

Kuna majaribio mawili yanayosifiwa sana mitandaoni ambayo kipimo changu kinayatenganisha kwa namna usiyoitarajia. La kwanza ni glasi ya mafuta yenye matone ya rangi yanayopanda na kushuka. Mafuta ya kupikia yakiwa Sh 6,000 kwa lita, glasi ndogo inameza Sh 1,200, na mzazi anaguna. Lakini mafuta hayaliwi na jaribio. Soda inakaa chini, matone ya siki yenye rangi yanazama, yanashika gesi, yanaelea, yanaiachia, yanazama tena. Yakitulia, unayamimina mafuta taratibu kwenye chupa yenye alama "si ya kupikia", na kesho yanatumika tena. Kila marudio yanakula kijiko cha soda na siki kidogo. La pili ni soda ya chupa kubwa na peremende za Mentos. Soda Sh 2,000, peremende Sh 1,500, mrusho wa sekunde chache, uwanja umenata, nzi wamealikwa. Mara ya pili ni Sh 3,500 nyingine kamili. Kwenye sherehe ya kuzaliwa sawa, kwa kujifunza hapana.

Ukiwa na Sh 10,000 kwa mwezi, mimi ningeanza na bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 10 au 20, kwa Sh 500 kwenye duka la dawa. Hakuna kifaa kinachofundisha zaidi kwa bei hiyo. Linapima siki, juisi, mafuta na maji bila kubahatisha, na mawili yakiunganishwa kwa mpira mwembamba yanaonyesha jinsi breki za gari zinavyosukumwa kwa kimiminika. Kisha daftari, maputo, hamira, beking soda, siki na binzari, na chenji itabaki. Mizani ya jikoni ya kidijitali ya Sh 20,000 isubiri hadi uone kama mtoto ameshika moto. Saa na kamera vimo kwenye simu tayari. Ile video ya mwendo wa taratibu inaonyesha puto linavyopasuka vizuri kuliko maelezo yoyote.

Je, kasha la dukani lina mahali pake? Ndiyo, kama kilichomo hakiishi. Sumaku, lenzi, prizimu na saketi za kubana zisizohitaji kuchomelea ni vitu vigumu kuvitengeneza nyumbani, na mtoto wa kwanza atamrithisha wa tatu. Sh 60,000 ikigawanywa kwa miaka minne na ndugu watatu si ghali. Kasha la kemia ni kinyume chake: unalipia unga unaopatikana jikoni, umewekwa kwenye vipakiti vya kijiko kimoja, na mara nyingi maelekezo yako kwa Kichina na Kiingereza cha kubabaisha. Angalia orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa. Ukiona zaidi ya nusu ni vya kumwagwa, rudisha rafuni.

Na lipo jaribio ambalo karibu halina bei, na lina jina la Mtanzania. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ya friza ilikuwa finyu, akaweka mchanganyiko wake ungali moto badala ya kusubiri upoe. Wake uliganda mapema kuliko wa mwenzake aliyeuweka bila kuuchemsha. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye alirudi Dar na kulijaribu. Wawili hao walichapisha matokeo yao mwaka 1969, na jambo hilo sasa linajulikana duniani kwa jina la Mpemba. Halijakubalika na wote. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walipima muda ambao maji huchukua kufika nyuzi 0 na wakasema hawakuona ushahidi kwamba ya moto hutangulia.

Hivyo mtoto wako hatajua jibu kabla, na wewe pia. Mnahitaji maji, vikombe viwili vinavyofanana, bomba la sindano la kuhakikisha ujazo ni uleule, na friza. Gharama iko kwenye umeme wa LUKU tu, nayo hupanda kila mlango unapofunguliwa kuchungulia, kwa hiyo kubalianeni mapema mtafungua kila baada ya dakika ngapi, na nini kitahesabiwa kuwa kuganda: ngozi ya kwanza ya barafu, au barafu tupu? Vikombe vikae mahali palepale mnaporudia, kwani kona za friza hazina baridi moja, na visiwekwe juu ya theluji iliyoganda ndani ya friza, maana cha moto huiyeyusha na kukaa kwa kugusana zaidi na baridi. Tumieni vya bati au vya plastiki ngumu. Cha glasi kikitoka kwenye maji ya moto kwenda baridi kali huweza kupasuka, na hapo bei ya jaribio la pili inapanda kwa kikombe kizima.